Mgongo wa Zénon

Kalinde, 2 Machi 2025

Kaka Anaclet,

Salamu nyingi kutoka huku kando ya ziwa. Sisi ni wazima. Mama mkwe wangu Gloriose bado anasumbuliwa na miguu, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, anakusalimu. Mireille amepanda darasa na sasa ananizidi kimo. Zénon yuko na mashine yake ya kusaga mihogo asubuhi hadi jioni, anarudi mweupe kichwani, tunamcheka kwamba amezeeka kabla yako.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo, tena ni wewe uliyeninunulia. Nimeizima makusudi. Ile sauti yako uliyoituma kwenye kundi la chama chenu cha Durban imefika huku. Imesikilizwa sokoni, imesikilizwa nje ya kanisa baada ya misa, hata muuza vocha anaicheza bure. Unasema humo kwamba kila mtu akae mahali babu yake alipomwachia. Hili ninalokuandikia sitaki lizunguke mikononi mwa watu, ndiyo maana nimempa Julienne, anayekuja huko kununua nguo za jumla.

Unajua Mwami, chifu wetu, amezikwa mwezi wa kwanza. Kaburi lilichimbwa na watu wa Kambini, kama siku zote. Sasa mwanawe atatawazwa mwezi wa nane, na wazee wamekuja kumwambia Zénon ajiandae. Zamu ya kutoa mgongo imemfikia. Marehemu baba yake, Barnabé, ndiye aliyepiga magoti mara ya mwisho, Mwami akamkanyaga mgongoni ili apande kitini. Zénon aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa maji ya kunywa, kisha akasema hapigi magoti.

Hakupaza sauti. Ungekuwepo ungemwonea fahari, au labda usingemwonea, sijui tena.

Wewe na mimi tunajua habari yenyewe, ingawa nyumbani kwetu haikusemwa mezani. Babu za watu wa Kambini waliachwa hapa na misafara ya pembe za ndovu, wagonjwa, shingo zao zikiwa bado na alama za kamba. Babu yetu sisi akawanunua kwa chumvi. Tukawaita wana wa nyumba ili lisikike vizuri. Mgongo wa Zénon ni mali ya nyumba yetu, ndivyo desturi inavyosema, na mkubwa wa nyumba ndiye peke yake anayeweza kuufungua kwa kutamka mbele ya watu au kutia sahihi. Baba hayupo. Mkubwa ni wewe.

Nakuomba sentensi moja tu, kaka. Andika kwamba nyumba yetu haiwadai watu wa Kambini mgongo, wala kaburi, wala kitu chochote. Nitaisoma mwenyewe mbele ya baraza.

Mdogo wako,
Constance


Sydenham, Durban, 6 Aprili 2025

Mdogo wangu Constance,

Nimepokea barua yako na samaki wakavu, Mungu akubariki. Nyumba nzima ilinuka Kalinde, mama mwenye nyumba akafungua madirisha yote. Mimi sijambo. Duka letu la simu pale karibu na soko la Warwick linaenda, ingawa wateja wanapungua kwa sababu watu wanaogopa kutembea. Hapa kuna vijana wanaosimama kwenye milango ya kliniki, wanataka kitambulisho, na mgeni hapiti. Nilikwenda kuchukua dawa zangu za presha nikarudi bila hizo. Si kitu kikubwa, usiwaambie watu.

Sasa hilo jambo. Constance, wewe ni mwalimu, unajua nchi haijengwi kwa kubomoa. Mimi ni mwenyekiti wa watu wa Kalinde huku. Hapa barabarani sina jina, naitwa mgeni tu, lakini Jumapili tukikutana, watu wanasimama nikiingia kwa sababu ya nyumba tuliyotoka. Nikiandika hiyo sentensi yako, nitawaambia nini? Kwamba kila kitu kilikuwa uongo?

Tena mambo ya siku moja tu! Mwami anakanyaga, anapanda, imekwisha, watu wanakula nyama. Hakuna anayemchukia Zénon. Mimi mwenyewe nampenda kama ndugu wa tumbo moja. Kumbuka alipokuja kukuposa, hata mahari sikuchukua. Nilimwambia, acha, sisi ni watu wamoja.

Mwambie avumilie. Nitazungumza na wenzangu tuone.

Kaka yako,
Anaclet


Kalinde, 11 Mei 2025

Kaka Anaclet,

Tunakusalimu sote. Nimesikitika kuhusu dawa zako. Gloriose anasema unywe majani ya mparachichi, nami nimemwambia Durban wana hospitali, akasema hospitali gani hiyo yenye walinzi wa kukufukuza.

Umesema utazungumza na wenzako. Huku wenzetu wameshazungumza sana. Yule mheshimiwa wetu wa mkoani amekuja na gari mbili zenye spika, akasema atakayegusa desturi ya kiti amegusa damu yake. Wiki iliyofuata akaja mheshimiwa mwingine, mpinzani wake, akaenda moja kwa moja Kambini. Akawaambia wasitoe mgongo, wasichimbe kaburi, na wachague chifu wao wenyewe. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kumuuliza Zénon anataka nini. Anataka kusaga mihogo.

Sasa soko limegawanyika. Watu wa Kambini wanauza ng'ambo ya daraja, sisi huku. Nikienda kuchukua unga mashineni kwa mume wangu, ng'ambo ya daraja, napita kizuizi cha vijana wa ukoo wangu mwenyewe, wananiuliza, "Mama Mireille, uko upande gani?"

Darasani nilikuwa nafundisha habari za Amerika, jinsi walivyobishana juu ya utumwa. Nilieleza namna wabunge wao walivyokaa miaka mingi wakigombana jimbo lipi liruhusiwe kuwa na watumwa na lipi lisiruhusiwe, na kila walipopatana walikata nchi katikati kwa mstari mwingine, wakaenda kulala wakidhani yamekwisha. Wachache tu ndio waliosema kwamba mtu si mali. Mwisho majimbo yakajitoa, vita ikaja. Nilipogeuka kutoka ubaoni nikaona watoto wa Kambini wote wamekaa upande wa dirishani, na wengine upande wa mlangoni. Sikuwapanga mimi. Nilishindwa kuendelea, nikawaambia wafunge madaftari.

Nina swali moja, na ninataka jibu kwa mwandiko wako. Niliolewa nikijivunia kwamba kaka yangu hakunifanya bidhaa. Niliwaringia wenzangu. Sasa niambie, kwa nini hukuchukua mahari?

Constance


Sydenham, 22 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Amani iwe kwenu. Hapa baridi imeanza, nalala na soksi. Julienne amefika salama, na anarudi kwako na mzigo ambao utakufurahisha. Nisikilize kwanza.

Juzi alikuja dukani mama mmoja mtu mzima wa mtaa wa Chatsworth, anaitwa Bi Zubeda, kioo cha simu yake kimepasuka. Wao wanaitwa Wazanzibari hapa. Nikamuuliza Zanzibar anaifahamu, akacheka, akasema hajawahi kufika. Babu za babu zake ni Wamakua, walikamatwa wakauzwa, meli ya Waingereza ikawakomboa baharini, ikawashusha hapa Durban. Walikaa kule Bluff mpaka serikali ya makaburu ilipowahamisha. Alinieleza yote hayo wazi, wateja wengine wakisikia, bila kuona haya. Nikasema moyoni, basi haya ndiyo tunayotakiwa kufanya Kalinde. Mtu asione aibu kwa asili yake. Mkiificha ndipo inawachoma.

Ndipo nikapata wazo. Nimelizungumza na chama na wote wamelikubali. Mwami hatamkanyaga mtu. Atakanyaga mti. Nimemwagiza Pacifique, mchongaji wetu hapa Warwick, Mkongomani mwenzetu, amechonga ngazi moja ya mti mgumu mweusi. Si kibao tu. Ni mgongo wa mtu aliyepiga magoti, uti wake unaonekana, na mbavu, na kisogo kimeinama. Kazi safi kabisa, huwezi kuamini. Kwa hiyo Zénon anabaki amesimama, desturi inabaki, waheshimiwa wanabaki bila la kusema. Niliipiga polishi mimi mwenyewe.

Wasomee watu barua hii. Waambie imetoka kwa mkubwa wa nyumba.

Nakukumbuka sana. Wakati mwingine nikiwa peke yangu dukani nakuongelesha.

Anaclet


Kalinde, 20 Julai 2025

Kaka,

Tuko hai. Naandika haraka, Julienne anaondoka na gari la kwanza, na hajui kama atarudi.

Mti wako ulifika. Msimamizi wa serikali aliita pande zote mbili kwenye uwanja wa shule. Mimi ndiye niliyefungua gunia, maana niliamini maneno yako. Nilipouona nilitaka kuufunika tena, lakini watu walikuwa wamekwisha kuuona. Kaka, Pacifique ana mkono mzuri mno. Gloriose aliweka kiganja mdomoni akasema, "Huyu ni Barnabé." Ulikuwa mgongo wa mume wake kabisa, jinsi ulivyokuwa umepinda.

Watu wa ukoo wetu walipiga makofi. Mmoja akapanda juu yake kuujaribu, akaruka ruka, wakacheka. Kijana wa Kambini akasimama, nilimfundisha darasa la sita, akasema taratibu kabisa, "Tuliomba mututoe chini ya miguu yenu. Sasa mumetengeneza mugongo yenye haichoke." Baada ya hapo sijui jiwe la kwanza lilitoka wapi. Jioni nyumba za Kambini zilikuwa zinawaka, na usiku wake zikawaka za kwetu. Mnara wa simu umechomwa. Kila upande umepata bunduki, na kila mtu anajua ni mheshimiwa yupi aliyeleta zipi. Kambini wamemtangaza chifu wao na wamefunga daraja.

Hukujibu swali langu. Hakuna haja. Gloriose amenijibu. Alishangaa kwamba nilikuwa sijui. Mtu hachukui mahari kwa mtu wake, kwa sababu mbuzi atakaowaleta ni mbuzi wako tayari. Zénon alijua siku ileile. Alijua, akanioa, na miaka yote hii hakuniambia, ili niendelee kukupenda.

Nina hasira na wewe ambayo sijui niiweke wapi. Andika ile sentensi.

Constance


Sydenham, 31 Agosti 2025

Constance, mdogo wangu,

Nakuandikia bila kujua uko wapi. Nimeipiga namba yako kila siku. Barua yako ya Julai imenifikia kwa mikono ya wengine, maana Julienne amekwama Kalemie; hii nampa dereva wa basi la Lubumbashi, labda itamfikia, labda atakufikishia. Mungu akulinde, amlinde Mireille, amlinde Zénon na mama yake.

Kuna kitu nilikuficha. Siku ile ya kliniki, mwezi wa nne, wale vijana hawakunirudisha tu. Walitupanga wageni wote kwenye lami, wakatuambia tupige magoti mikono kichwani wakati wanakagua makaratasi. Nilipiga. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja wa Burundi, Ineza, mjamzito, akaniegemea begani ili asianguke. Mpita njia mmoja alitupiga picha. Nilirudi nyumbani, nikafua suruali, nikakaa mezani nikakuandikia kwamba ni mambo ya siku moja tu.

Nilijua ninachoandika, Constance. Magoti yalikuwa bado yananiuma. Nadhani ndiyo maana niliandika hivyo. Huku nimepiga magoti, sikuweza kukubali kwamba hata Kalinde hakuna mtu aliye chini yangu.

Haya ndiyo maneno uliyoyaomba. Yasome.

*Mimi Anaclet, mkubwa wa nyumba yetu, natamka kwamba Zénon mwana wa Barnabé na watu wote wa Kambini si mali ya nyumba yetu na hawakuwa mali yetu kwa haki yoyote. Hatuwadai mgongo, wala kaburi, wala heshima isiyo ya kila mtu. Mti niliouleta uchomwe.*

Nimetia sahihi mbele ya padri wa parokia yetu hapa. Niandikie hata mstari mmoja.

Kaka yako


Kalinde, 28 Septemba 2025

Kaka Anaclet,

Salamu. Mireille na mimi tunaishi kwa masista wa misheni, pamoja na Gloriose. Tunakula. Shule imefungwa.

Zénon amekufa. Alikuwa amekwenda ng'ambo ya daraja kumleta mama yake, kwa sababu miguu yake haiwezi kukimbia. Alimbeba mgongoni. Risasi ilimkosa mama, ikampata yeye chini ya mgongo wakiwa wanamaliza daraja, karibu kabisa na upande wetu. Gloriose alianguka naye, akabaki mzima. Hatujui aliyepiga ni wa upande gani, na kila upande unasimulia yake, mmoja unamfanya shujaa, mwingine msaliti. Aliombwa mgongo na taifa zima, kaka, na alipoutoa, aliutoa kwa mama yake.

Halafu hakukuwa na mtu wa kuchimba. Watu wa Kambini wamekimbilia mlimani, na ndio waliotuchimbia makaburi yote tangu tuzaliwe. Wanaume wa ukoo wetu walikuja wakasimama. Hawakuwa wabaya siku hiyo, walikuwa na huzuni kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyejua aanzie wapi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushika jembe. Basi nikashika mimi. Binti wa nyumba. Nilichimba na Mireille, na Gloriose akiwa amekaa kando anatuelekeza, upana huu, sasa nyoosha ukuta, sasa kina. Amewaona wanaume wake wakichimba maisha yake yote. Viganja vyangu vimechubuka mpaka leo.

Barua yako ya Agosti ilifika siku ya tatu ya msiba. Niliisoma peke yangu. Ni sentensi nzuri. Nilikaa nayo kaburini, nikalia kwa ajili yake, na kwa ajili yako na magoti yako. Sijaisoma mbele ya baraza kwa sababu hakuna baraza.

Lakini kuna jambo limebaki, na hili halijachelewa. Wazee wa ukoo wetu wameanza kusema kwamba kwa kuwa mahari haikutolewa, Mireille si mtoto wa Zénon. Ni wa nyumba yetu, wa kwako, na vita ikiisha utaamua wewe aolewe wapi na nani. Wanasema kwa upole, kama watu wanaonifadhili. Mireille alisikia. Ameniuliza, "Mama, mimi ni wa mjomba kama vile baba alivyokuwa wa mjomba?"

Julienne anakuletea kitu ndani ya kanga. Nimekiondoa mpini ili asisumbuliwe mpakani. Usikisafishe. Zamani mahari ilikuwa jembe kabla ya mbuzi na kabla ya pesa, wazee wote wanalijua hilo na hawawezi kulikataa. Hili ni jembe la Zénon, alilinunua kwa jasho la mashine yake, na ndilo tulilomchimbia. Anamposa mdogo wako kwako, kaka. Amechelewa, lakini amekuja.

Lipokee au lirudishe. Ukilipokea, sema mbele ya watu.

Constance, mke wa Zénon


Sydenham, 9 Novemba 2025

Mdogo wangu Constance,

Nawasalimu wewe, Mama Gloriose na Mireille. Julienne aliniletea kanga yako dukani mchana, wateja wamejaa. Niliifungua juu ya meza, katikati ya vioo vya simu. Udongo mkavu ulikuwa bado umegandia kwenye ukingo. Nilifunga duka.

Leo baada ya misa nimeliweka mbele ya chama chote, ukumbini, pale tunapoweka soda na sambusa. Nikasimama. Nikasema, nimepokea jembe kwa ajili ya dada yangu Constance, kutoka kwa Zénon mwana wa Barnabé, mtu huru, na mtoto wao Mireille ni wa baba yake. Mzee mmoja akaniuliza, "President, mbuzi iko wapi? Jembe moja tu?" Nikamwambia linatosha. Akauliza tena mbona lina udongo. Nikawaeleza udongo ule umetoka wapi.

Wengine walitoka nje. Huguette, mwenye saluni, ambaye hata si wa Kalinde, alianza kulia, kisha wanawake wengine. Nilimwomba Doudou, kijana wa chama, arekodi yote kwa simu na kuituma kwenye kundi lile lile, ipite njia zile zile. Mkirudishiwa mnara mtaisikia. Kisha wakapiga kura, sasa mimi si mwenyekiti tena. Nimeshangaa jinsi isivyoniuma.

Uliniuliza mwezi wa tano kwa nini sikuchukua mahari. Ulipata jibu kwa mwingine, lakini ulilitaka kwa mwandiko wangu. Sikuchukua kwa sababu nilimwona ni wangu. Zénon alinitazama machoni siku ile, akasema asante. Namlilia, Constance. Namlilia na sina haki ya kukaa msibani kwake kama ndugu, kwa hiyo nimekaa kama shemeji, hapa chumbani, na jembe lake.

Mwambie Mireille kwamba mjomba hana neno juu yake. Anamsalimu tu, yeye Mireille binti Zénon, na anamwomba, siku akiweza, amwandikie.

Wako,
Anaclet, shemeji wa marehemu